Baba Anatuhesabu

Usiku wa kuamkia Alhamisi sikulala kwa sababu ya swali moja: nikiondoka nyumbani, Baba atahesabu nani?

Najua ni swali la kipuuzi. Wenzangu waliomaliza chuo hukosa usingizi kwa sababu hawana kazi. Mimi kazi nilikuwa nimeipata. Kikundi kimoja cha wachonga mawe kule Tabaka kilikuwa kimenipigia simu kikasema kinanitaka niwe karani wa kuandikisha vinyago kabla havijasafirishwa, na kwamba nijibu kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo watamchukua aliyekuwa wa pili. Nilisema asante, nitawajulisha. Kisha nikakaa siku tatu nikimfikiria huyo wa pili. Nilimwazia akiwa mchangamfu kuliko mimi. Nilimwazia akiwa na shida kuliko mimi. Kufikia Jumatano nilikuwa nimempa mtu nisiyemjua watoto wawili na kikohozi kisichopona.

Lakini kusema kweli, kilichokuwa kinaniogopesha ni kidole cha Baba.

Baba hutuhesabu. Sisi ni sita: yeye mwenyewe, Mama, Magokoro, yaani nyanya yetu aliyemzaa Baba, kisha kaka yangu, mimi, na mdogo wangu wa kike. Kabla ya chakula, kabla ya sala, kabla ya kufunga mlango, kabla ya kwenda kanisani na baada ya kutoka, Baba hunyoosha kidole na kukizungusha taratibu chumbani, midomo ikicheza bila sauti. Akifika sita hushusha pumzi, na sisi hushusha zetu. Asipofika, hakuna anayekula. Viazi vitamu vimewahi kupoa mezani nusu saa nzima huku kaka yangu akiwa zizini akikama, hatua thelathini kutoka hapo, akiimba kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia.

"Si unamsikia?" Mama alimwuliza.

"Kumsikia si kumwona," Baba akajibu.

Tukizidi pia hafurahi. Siku moja mdogo wangu alikuja na rafiki yake wa shule. Baba alihesabu mara mbili, akapata saba mara zote mbili, akauliza kwa upole kabisa, "Nani amezidi?" Yule mtoto, maskini, akainua mkono. Ilibidi asimame nje ya mlango mpaka hesabu ikamilike, ndipo akaitwa ndani akapewa chai na mkate mkubwa kuliko wetu sote. Hakuja tena.

Watu wa kwetu husema ni ualimu. Baba ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu huzoea kuhesabu watoto. Nami niliamini hivyo mpaka nilipoingia chuo Kisii mjini, mahali ambapo si mbali na kwetu Ikonge hata kidogo. Huko nilitakiwa kumtumia ujumbe mara tatu kwa siku wenye neno moja tu: Nipo. Siku moja simu yangu iliishiwa chaji nikiwa kwenye mtihani wa asubuhi, na kabla mtihani wa mchana haujaisha nilimwona Baba amesimama dirishani mwa ukumbi, viatu vyake vimejaa udongo mwekundu. Msimamizi akatoka kumwuliza anataka nini. Baba alininyooshea kidole kupitia kioo, akasema, "Sita," akaenda zake. Muhula mzima nilionekana mtu wa ajabu. Wengine waliamini amenipa jibu la swali la kuchagua.

Mtu mmoja tu nyumbani alipinga hesabu hizi. Magokoro anasema watoto wa watu hawahesabiwi. Ndivyo alivyolelewa. Mtoto ukimhesabu kwa namba unamwitia mabaya, unamwonyesha kwa kidole kama mbuzi wa sokoni. Kwa hiyo kila Baba alipoinua kidole, Magokoro alijitupia leso kichwani akajifunika hadi kiunoni. "Hesabu majani chai yako kwenye mizani," alisema kutoka ndani ya leso. "Mimi niache." Baba hakubishana naye. Alihesabu watu watano na leso moja.

Ni lazima nieleze tulikotoka. Boma letu huitwa "kwa wageni" mpaka leo, ingawa babu yangu alizaliwa ng'ambo tu ya kilima. Babu alihamia Bonde la Ufa akiwa kijana, akapata shamba huko, akazaa watoto wanane ambao Nyamira yetu hii waliijua kwa jina tu. Halafu ukaja mwaka ambao majirani waliambiwa kwamba watu wa kuja wanatakiwa warudi walikotoka. Walirudi. Ilichukua alasiri moja, na lori moja lililokuwa limekuja kuchukua viazi. Baba alikuwa na miaka kumi. Alifika "nyumbani" mahali ambapo hakuwahi kukanyaga, watu wakamcheka anavyozungumza Ekegusii, lugha yetu.

Ndiyo sababu, nadhani, vitanda vyetu vyote vimefungwa kwa bolti za kufunguka, wala si kwa misumari. Ndiyo sababu makochi yetu bado yamo ndani ya nailoni ya dukani, na mtu akikaa hutoa sauti ya kuaibisha. Na ndiyo sababu kitu chochote kinachoingia nyumbani Baba hukiinua kwanza aone kama kinabebeka. Mama aliletewa kabati la vyombo na dada yake, Baba akaliinua upande mmoja, akalishusha, akasema, "Hili litabaki." Hakumaanisha libaki nyumbani. Alimaanisha siku tutakapokimbia.

Safari hiyo ya lori huwa tunasimuliwa kila Desemba shangazi zangu wakija, nayo husimuliwa kama kichekesho. Shangazi mmoja aliokoa saa ya ukutani ambayo ilikuwa imekufa tangu azaliwe. Mwingine aliokoa ubao wa kichwani wa kitanda, akaacha kitanda. Babu alibeba gunia aliloamini ni mahindi, na walipofika wakakuta ni magunzi. Magokoro alipanda na sufuria ya maharagwe yaliyokuwa jikoni yakichemka, akaipakata kwenye mapaja yaliyoviringishwa blanketi, na maharagwe yakamaliza kuiva humo kwa joto lake yenyewe. Kisha lori likakwama kwenye tope karibu na daraja, wakala. Hapo shangazi hucheka mpaka wanajifuta machozi.

Lakini mimi, kwa kuwa sina kazi nyingine ila kuangalia watu, niligundua kwamba kila hadithi ikifika darajani Baba huenda kumtazama ng'ombe. Na Magokoro huanza kutafuta miwani yake iliyo machoni.

Basi Alhamisi asubuhi, kwa kuwa sikulala, niliamua kulitatua jambo hili kisomi. Chuoni nilisoma masuala ya jamii, na mhadhiri mmoja aliwahi kutuambia kwamba hofu inaweza kutoka kwa mzazi ikaingia kwa mtoto kama vile umbo la pua linavyorithiwa. Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Je, mimi ndiye niliyeiogopa Tabaka, au ni hofu ya Baba imevaa nguo zangu? Na kama ni ya Baba, je, nina haki ya kuikataa? Na nikiikataa, itakwenda kwa nani, kwa mdogo wangu? Niliandika dodoso la maswali kumi, nikanakili nakala tano kwa mkono, nikaigawia familia wakati wa chai.

Swali la kwanza liliuliza: "Unapoona lori, unahisi nini?" Mama aliandika, "Nahisi mbolea imefika." Kaka yangu aliandika, "Wivu." Mdogo wangu alichora lori zuri sana lenye dereva anayetabasamu. Magokoro alinitaka nimsomee maswali yote kumi, akasikiliza kwa makini macho ameyafumba, kisha akasema, "Kwanza mpe mtu chai, ndipo umwulize mambo ya lori."

Baba alinirudishia la kwake limesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Pembeni mwa swali la nne aliandika, "Hili linarudia swali la pili." Kwenye la saba, "Fafanua." Chini kabisa: "Kazi nzuri kiasi. Jitahidi." Majibu yake mwenyewe yalikuwa ya penseli, mafupi, "Ndiyo", "La", "Inategemea hali ya hewa." Swali la kumi liliuliza kama kuna jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Hapo palikuwa patupu. Lakini nilipoinua karatasi dirishani niliona kwamba aliandika akafuta, akaandika tena akafuta, mpaka karatasi ikatoboka.

Nilikaa na tundu lile Alhamisi yote.

Ijumaa kwetu ni siku ya mbio. Sisi ni Wasabato, na kila kitu cha Jumamosi lazima kiive kabla jua halijatua. Likishatua hakuna kazi, hakuna biashara, na kwa jinsi ninavyoelewa, hakuna kumpigia mtu simu kukubali ajira. Saa kumi alasiri nilikuwa kwenye kizingiti cha jiko nikimenya ndizi na Magokoro, simu mapajani, mikono imejaa utomvu.

"Mbona unaimenya ndizi kama unaiomba ruhusa?" Magokoro aliniuliza.

"Nimepata kazi, Magokoro."

"Nimesikia. Mama yako ameniambia, na yule wa maziwa, na mke wa yule wa maziwa. Unaenda lini?"

"Sijui kama nitaenda."

"Kwa nini? Huko Tabaka kuna simba?"

"Hakuna."

"Kuna nini?"

"Mawe."

"Jiwe limekukosea nini?"

Nikamwambia ukweli. "Nikienda, Baba atakuwa anapata watano."

Magokoro aliweka kisu chini. Akaanza kuokota maganda moja moja, na mimi, kama kawaida yangu, nikaanza kufikiri ni kosa gani nimefanya. Kabla sijafikisha la tatu, Baba akaingia langoni kutoka kituo cha kuuzia majani chai, kikapu kitupu mgongoni. Akasimama. Kidole kikainuka. Mama akachungulia dirishani mwa jiko, kaka na mdogo wangu wakasimama uani, Magokoro akajifunika. Sita.

Nikaona nikingoja pumzi yangu itulie jua litatua. "Baba, nimepata kazi Tabaka natakiwa nijibu kabla jua halijatua na nitakuwa naishi huko huko," nikasema, yote kwa mkupuo.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika, hilo nilikuwa nimelifanyia mazoezi. Aliuliza tu, "Nyumba ya huko ina vyumba vingapi?"

"Ni chumba kimoja, Baba. Changu."

"Tutapata kikubwa. Tutahama wote."

Mama alitokea jikoni na mwiko. "Na michai yetu?"

"Tutaikodisha."

"Na ng'ombe?"

"Ana miguu."

"Na wewe shule yako?"

"Tabaka hawana watoto?" Baba akasema, akaingia ndani. Mara tukasikia spana. Alikuwa ameanza kufungua kitanda chake. Kaka yangu, ambaye hajawahi kuona bolti akaipita, akakimbilia ndani kumsaidia.

"Hicho kitanda ni changu pia!" Mama akapaza sauti.

Magokoro ndiye aliyesimama. Ana goti baya na kwa kawaida kusimama kwake ni shughuli ya watu wawili, lakini alisimama peke yake akaenda mpaka mlangoni mwa chumba cha mwanawe, sisi nyuma yake.

"Wewe mtoto," alimwambia mtu mwenye mvi kidevuni. "Weka hiyo spana chini."

Baba alitaka kujibu lakini alikuwa amebana nati mbili mdomoni. Alizitoa moja moja akazifuta kwenye suruali. "Mama, usiku utatukuta."

"Kama ni mimi unaniadhibu, niadhibu mimi. Huyu mtoto mwache aende."

"Nani anakuadhibu?"

"Miaka yote hii unahesabu mbele yangu. Kila chakula. Kila sala. Unafikiri sijui unaniambia nini?"

Baba alimtazama kama anavyotazama mwanafunzi aliyejibu swali ambalo halikuulizwa.

"Siku ile sikuhesabu," Magokoro akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Watoto hawahesabiwi, ndivyo nilivyofundishwa. Nilisimama kwenye lori nikauliza, 'Mko wote?' Wakaniambia, 'Tuko wote!' Watoto husema hivyo hata wakibaki wawili. Nikamwambia dereva twende."

Kuku aliingia, akaona hali, akatoka.

"Nilikuwa chooni," Baba akasema.

Nilisikia kaka yangu akikohoa kwa namna ambayo haikuwa kikohozi.

"Nilikuwa na kipande cha gazeti," Baba akaendelea, akiongea na spana. "Habari za mpira. Nilitaka kujua nani alishinda, lakini sehemu yenye matokeo mtu alikuwa ameshaitumia. Nikawa nasoma nikirudia, labda nimeruka mstari. Nikasikia lori. Nikafikiri linakuja. Kumbe linaondoka. Nilikimbia na kaptura mkononi mpaka darajani. Nikapanda kwa nyuma. Hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi. Hapo ndipo nilipojua kwamba hata nisingefika, hakuna ambaye angejua."

"Mimi nilikuona," Magokoro akasema.

Baba akainua kichwa.

"Nilikuona ukipanda, miguu imejaa tope. Ndipo nikajua kwamba nilikuacha. Nikageuza uso. Ningesema nini? Nilikuwa na sufuria mapajani. Nikakupakulia maharagwe."

"Ulinipa mengi sana," Baba akasema polepole. "Wenzangu walilalamika."

"Nilikupa yote yaliyokuwa yameiva."

"Nilifikiri ni kwa sababu sikulia."

"Nilikuwa nakuomba msamaha."

"Kwa maharagwe?"

"Nilikuwa na nini kingine?"

Baba aligeuza spana mkononi, kisha akasema kwamba alikuwa anahesabu ili asibaki mtu, basi. "Si wewe niliyekuwa nakuonyesha, Mama. Kwa kweli nikihesabu sikufikirii hata kidogo."

"Hata kidogo?" Magokoro aliuliza, na niliona kwamba jambo hilo lilimuudhi kiasi. Mwanamke alikuwa ameadhibiwa miaka thelathini na kitu, kumbe mwenye fimbo hakuwa na habari.

Kaka yangu hakuweza kujizuia tena. "Sasa nani alishinda?"

"Nini?"

"Ule mpira."

"Sikuwahi kujua," Baba akasema, akaketi kitandani kwa uchovu. Kitanda kilikuwa kimebaki na bolti moja. Kilikwenda chini chote, kichwa, miguu na Baba, na nailoni ya godoro ikatoa sauti ile ya makochi. Magokoro alianza kucheka kwa leso mdomoni. Mama akacheka akipiga mwiko ukutani. Baba alibaki sakafuni katikati ya mbao zake, mabega yakitikisika, na kuna wakati sikujua kama bado anacheka. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikutaka kuchunguza.

"Jua!" mdogo wangu akapiga kelele kutoka uani.

Nilichungulia. Lilikuwa limegusa ncha za mikaratusi ya kilima cha pili. Nilikuwa nimepanga kwamba nikijua ukweli nitapata muda wa kuutafakari, pengine wiki mbili, na karatasi. Nilipewa dakika chache na utomvu wa ndizi. Nilichoweza kufikiri katika dakika hizo ni kimoja: Baba aliachwa na watu waliodhani wako naye. Mimi ningeondoka akiwa amesimama ananitazama. Hayo si mambo yanayofanana, hata kama tumboni mwangu yalikuwa yanafanana kabisa.

"Baba," nikasema, "nikienda utajua nilipo."

Alifikiri, bado ameketi sakafuni. "Nitajua. Lakini sitapenda."

Nilingoja aseme nenda. Hakusema. Nikangoja ile hofu ishuke. Haikushuka. Ilibaki palepale, na sikujua bado ni yangu au ni yake, na nikaona kwamba Tabaka hawakuwa wameniuliza hilo.

"Hata mimi sipendi," nikamwambia, nikatoka uani, nikafuta kidole kwenye nyasi, nikapiga.

Aliyepokea alikuwa anatafuna kitu. "Unakuja au huji?"

"Nakuja."

"Jumatatu saa mbili."

"Nitafika."

Akakata. Papo hapo nilipata sababu kumi na moja za kumpigia tena nikamweleza kwamba nimeharakisha. Nilikuwa nimefika ya nne jua lilipotua, na Sabato ikazizuia zote. Baba hakupona siku hiyo. Asubuhi yake kabla ya kanisa alituhesabu mara tatu badala ya moja. Jumapili alinibebea godoro mpaka barabarani, nikaondoka, na Jumatatu saa sita mchana nywele zangu zilikuwa nyeupe kwa vumbi la mawe, nikibishana na mchongaji mmoja mzee kama kinyago alichonikabidhi nikiandikishe ni kiboko au ni kifaru.